Njia Kumi za Kumrudisha Bibi Harusi kwenye TV ya Kichogo

Mjomba wangu wa Ngamiani, Tanga, ana televisheni ya kichogo ya inchi 29 ambayo ameapa kwamba yeye ndiye atakayetangulia kuzikwa. Kuihamisha kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine kunataka wanaume wawili na dua fupi. Chini yake imekaa amplifaya ya hom thieta aliyoletewa na binamu kutoka Muscat zamani hizo. Nyuma ina matundu kama kung'uto, ila la HDMI halimo hata moja. Na mwaka huu mwanawe amemwachia kompyuta mpakato. Ndani ya mpakato huo kuna harusi ya mjomba ya 1991, ambayo fundi aliiwahi kwenye mkanda wa VHS kabla ukungu wa pwani haujaumaliza.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo hata lawama hazina pa kukimbilia), "nataka harusi ionekane kwenye TV hii, na sauti itoke kwenye redio ile. Habari za flati sitaki."

Habari za flati alishazijaribu kwa jirani. Picha ya 1991 ina umbo la nne kwa tatu, flati ni kumi na sita kwa tisa, nayo haipendi nafasi wazi. Ikaivuta picha huku na huku hadi ikajaa, na bibi harusi akaongezeka theluthi nzima ya upana. "Huyu si mke wangu," mjomba akasema mbele za watu, "huyu ni dada yake mkubwa." Mkaza mjomba hakumsemesha hadi Ijumaa.

Kazi yenyewe basi ni kusuluhisha lugha mbili ndani ya nyumba moja. TV ya kichogo inasikia analojia tu, yaani wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Amplifaya ya Muscat ina tundu la dijitali, nalo linataka namba. Mpakato wa siku hizi, ukiondoa tundu la hedifoni, hutoa namba tupu kila upande. Picha lazima itafsiriwe. Sauti ni heri ifike kama ilivyo, tafsiri ifanywe na amplifaya, ambayo kazi hiyo inaijua kuliko mpakato.

Wala usidhani TV hizi zilishakufa. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi waliziandikia tanzia. King'amuzi kikaja na waya wake wa rangi tatu, marehemu wakaamka.

Zifuatazo ni njia kumi, kuanzia ya aibu kwenda ya heshima. Nyingine nilizipitia mwenyewe, nyingine ziliwapitia wenzangu.

10. Waya wa HDMI wenye mikia mitatu

Kichwa ni HDMI, mikia ni nyekundu, nyeupe na manjano. Unauzwa kila mahali, umefungwa kwenye nailoni safi, na kwa mpakato haufanyi kazi. HDMI inatoa namba kwa kasi ya ajabu. Tundu la manjano linangoja wimbi la takriban volti moja. Katikati panatakiwa mkalimani, chipu inayokula umeme. Ndani ya waya huu hakuna chipu. Kuna shaba na matumaini.

Mjomba aliuchomeka akasubiri dakika ishirini, eti upate moto kwanza. Sasa hivi unafungia geti la banda la kuku, na kwa kazi hiyo sijasikia mtu akiulalamikia.

9. Kupitia deki ya VHS

Hii ni kwa TV kongwe kabisa, ile yenye tundu la antena peke yake. Unapeleka waya wa manjano kwenye deki, deki inaigeuza picha kuwa matangazo ya stesheni, mara nyingi kwenye chaneli 36, kisha unaitafuta kwenye TV kama unavyotafuta redio ya mbali usiku. Utapata picha, na chenga za kugawia majirani. Sauti inafika moja tu, haijui kushoto wala kulia.

Ina utu wake, sikatai: harusi inapita tena kwenye aina ileile ya mashine iliyoizaa. Lakini bado hujaniuliza huo waya wa manjano unatokea wapi kwenye mpakato. Subiri.

8. Tundu la hedifoni kwenda kwenye sabufa

Kila mtu anafanya hivi na wala sitamhukumu mtu. Waya wa pini ndogo upande huu, nyekundu na nyeupe upande ule, sabufa inaunguruma, mtaa mzima unajua leo mna sherehe. Sauti hiyo ni analojia, kwa hiyo kwenye orodha yetu inaingia kama mgeni aliyekuja bila kadi.

Tatizo ni mvumo. Ukiisha kuchomeka chaja ya mpakato, spika zinaanza: mmmmmm. Watu hulaumu sabufa, hulaumu waya, wengine hulaumu TANESCO, ambayo kwa mara moja haina kosa. Mpakato unapata umeme kupitia chaja, sabufa inapata umeme wake ukutani, na waya wa sauti unawaunganisha katikati. Umeme ukipata mduara, unazunguka, na mzunguko huo ndio unaousikia. Chomoa chaja. Ukinyamaza, umempata mchawi wako.

Dawa ya kudumu ni kutumia waya usiopitisha umeme hata chembe. Upo, ni wa mwanga, uko namba 3. Wenye haraka wanaweza kuruka; wenye adabu wasubiri zamu.

7. Kisanduku sahihi, upande usio sahihi

Hapa nitasema ukweli wangu wote. Nilikwenda Kariakoo, nikamwambia kijana wa dukani, "Nipe kisanduku cha HDMI na AV." Akanipa. Kidogo, cheupe, chepesi kama kiberiti, bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Nikapanda basi hadi Tanga nikiwa nimekipakata kama mtoto.

Kilikuwa kimeandikwa AV2HDMI.

Hiyo 2 katikati ni "kwenda". AV kwenda HDMI: kinachukua picha ya zamani na kuipeleka kwenye flati. Mimi nilitaka HDMI2AV, kinachotoka huku kwenda kule. Visanduku hivi viwili vinafanana kama mapacha, rangi moja, matundu yaleyale, waya wa USB wa umeme uleule. Tofauti ni ubongo uliomo ndani na mpangilio wa herufi saba juu. Havigeuziki. Ukikichomeka kinyumenyume hakitakuonya wala hakitaungua. Kitawasha taa yake nyekundu kwa heshima zote na kukuonyesha giza.

Mjomba aliitazama ile taa muda mrefu. "Kinawaka," akasema kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa.

Nilitaka kurudi kubadilisha. Hesabu ya nauli ya Tanga hadi Dar na kurudi ikanishauri ninunue kingine tu.

6. S-Video, tundu la duara la wazee

Mipakato mingi ya miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa na tundu la duara lenye vijitundu vidogo ndani, na wenye nayo wengi walidhani ni la kipanya. Hilo ni S-Video, na enzi zake lilikuwa tundu la kiungwana. Waya wa manjano husukumia mwanga na rangi kwenye njia moja, vikifika TV inabidi vitenganishwe, na katika kugombana huko ndipo zinapozaliwa zile pinde za rangi kwenye shati la mistari. S-Video hupitisha mwanga kwenye uzi wake na rangi kwenye uzi wake. Ilipata umaarufu JVC ilipoleta S-VHS mwaka 1987, na ukiiona kwenye TV ya kichogo utashangaa ulivyokuwa ukiionea TV yako kwa miaka yote.

Pini zake ni nne. Baadhi ya mipakato ilikuja na tundu la pini saba, lakini waya wa pini nne unaingia bila ugomvi.

Ukipata picha nyeusi na nyeupe, usiite fundi. Kuna washitakiwa wawili. Wa kwanza ni adapta rahisi ya kutoka S-Video kwenda tundu la manjano: TV inasoma uzi wa mwanga peke yake, rangi inabaki njiani kama abiria aliyeshuka kununua muhogo basi likaondoka. Wa pili ni mfumo. Sisi tulirithi PAL, iliyotengenezwa Ujerumani na Walter Bruch wa Telefunken: mistari 625, picha nusunusu 50 kwa sekunde. Wamarekani walikuwa na NTSC yao ya mistari 525. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo waliangukia SECAM ya Wafaransa. Mpakato uliozaliwa ukidhani dunia yote ni Marekani utatoa NTSC mpaka uuambie vinginevyo kwenye mipangilio ya kadi ya picha.

Mpakato wangu wa zamani ulimfanyia mjomba hivyo hivyo: harusi nyeusi na nyeupe, inakimbia kwenda juu kama ngazi. "Unanirudisha wapi?" akauliza. Swali zuri. Zanzibar ilianza televisheni yake na rangi kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri stesheni hadi 1994. Watu wa Tanga, wenye bahari moja na Wazanzibari, hawakubali kurudishwa nyuma kuhusu rangi.

Kwa nini basi namba 6 tu? Kwa sababu mpakato wenye tundu hili leo utaupata kabatini, betri imevimba, na unachukua muda wa kuchemsha maharage kuwaka.

5. VGA, mzee wa semina

Kama umewahi kuhudhuria semina yoyote Afrika Mashariki, unaijua VGA bila kuijua jina. Ni lile tundu la bluu lenye pini 15 katika safu tatu, na skrubu mbili pembeni ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikaza zote. Mtoa mada anapiga hatua moja, waya unalegea, ukuta unageuka zambarau, washiriki wanapata mapumziko ya chai ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

IBM iliitoa mwaka 1987, mwaka uleule wa S-VHS. Desemba 2010 Intel na AMD pamoja na watengenezaji kadhaa wa mipakato na skrini walitangaza kwamba ifikapo 2015 wataachana nayo. Mipakato ikatii. Projekta za ofisini hazikusoma tangazo.

VGA ni analojia halisi, nyekundu kivyake, kijani kivyake, bluu kivyake. Kwa picha ya analojia, hakuna kitu safi kuliko hiki ambacho mpakato umewahi kukitoa. Ndipo watu wanapofanya hesabu ya haraka: TV yangu ni analojia, VGA ni analojia, nitafute waya wa kuziunganisha. Upo sokoni. Usiununue. VGA huchora mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde hata kwenye picha yake ndogo, TV ya kichogo huchora 15,625. Ni watu wawili wanaoongea Kiswahili, ila mmoja anakimbia mara mbili ya mwenzake, watasalimiana, hawataelewana. Panahitajika kisanduku cha kupunguza mwendo, na kisanduku hicho kinataka umeme.

Na sauti? VGA haijui hata kama sauti ipo duniani. Kwa watu kama sisi, wanaotaka sauti ipite njia yake, hilo si kasoro hata kidogo. Lakini mtoa mada anayeonyesha video bila kuchomeka spika, akasimama akitabasamu huku midomo ya watu ikicheza kimyakimya ukutani, huyo nimemwona mara nyingi kuliko nilivyomwona mwenyekiti akianza kwa wakati.

4. Kadi ya sauti ya USB

Kama mpakato wako hauna tundu la sauti ya dijitali, unaweza kununua moja la nje: kipande kidogo kinachoingia kwenye USB na kutoa S/PDIF. Jina hilo limetokana na Sony na Philips, walioibuni. Ulimi ukikataa, sema "tundu la dijitali" na muuza duka makini atakuelewa. Aina nyingi hazidai kusakinishiwa chochote. Unachomeka, unaichagua kwenye orodha ya sauti, basi.

S/PDIF huja kwa nguo mbili: mwanga, au tundu la duara la kawaida ambalo mara nyingi hupakwa rangi ya chungwa. Hilo la chungwa linataka waya wa ohmu 75. Na unajua ni waya gani mwingine wa ohmu 75 umelala kwenye droo yako? Ule wa manjano wa king'amuzi. Ukiutumia kupitishia sauti ya dijitali inafanya kazi vizuri tu, ingawa fundi mwenye msimamo atakutazama kama mtu aliyevaa kanzu kinyumenyume.

3. Tundu linalowaka nyekundu

Rafiki yangu mpiga picha za harusi alinipigia simu usiku: "MacBook yangu inatoa moto kwenye tundu la hedifoni!" Haikuwa inatoa moto. Ilikuwa inajitahidi kumwambia kitu.

Toshiba walibuni waya wa mwanga mwaka 1983 ili kuunganisha mashine za CD na amplifaya, wakauita TOSLINK. Taa nyekundu upande mmoja inawaka na kuzima kwa kasi, jicho upande wa pili linahesabu, na sauti inasafiri bila umeme kugusana na umeme. Ndiyo maana ule mvumo wa namba 8 hapa hauna njia: mduara umekatwa, na mwanga haujui kuvuma.

Apple walilificha tundu la waya huo ndani ya tundu la hedifoni. MacBook Pro za kuanzia 2006 zilikuwa nalo, hadi matoleo ya 2016 walipoliondoa kimyakimya. Kwa miaka kumi watu walitembea na tundu la dijitali mfukoni, wakachomeka hedifoni humo, wakaenda zao. Ukitia pini ya plastiki ya TOSLINK ndogo, kijiswichi cha ndani kinatambua na taa inawaka.

Ubaya ni kwamba kijiswichi hicho hunasa. Hapo kompyuta inaamini waya wa mwanga bado umo, inazima spika zake, na tundu linabaki linawaka nyekundu kama jicho la paka jikoni. Rafiki yangu alishauriwa abadilishe bodi nzima. Tulikitikisa kijiswichi kwa kijiti cha kuchokolea meno, tena baada ya pilau, kwa hiyo hata kijiti chenyewe tulikipata bure.

Jambo moja ujue kabla hujajitangazia sinema nyumbani: S/PDIF inabeba njia mbili za sauti isiyobanwa, au njia 5.1 zilizobanwa kwa Dolby Digital au DTS, si zaidi. Ukiiagiza programu ya VLC ipeleke DTS ghafi kwenye kifaa kisichoijua, utasikia shhhhh kubwa kama chenga zimepata sauti. Punguza sauti kwanza, ndipo ujaribu. Nazungumza kama mtu aliyemwamsha mtoto wa watu.

2. Vitufe viwili

Hii si waya wala kisanduku. Ni kitufe cha Windows pamoja na P, viko hapo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, na vimewanyima mafundi hela nyingi. Vinakupa chaguo nne: picha ibaki kwenye mpakato peke yake, ionekane kote kuwili, ipanuliwe ili kila kioo kiwe na yake, au iende nje tu. Nusu ya watu wanaosema "waya ni mbovu" waya wao ni mzima. Mpakato ndio haujaambiwa utoe.

Ukimaliza picha, bofya alama ya spika na uchague sauti itokee wapi. Mpakato ukishaona HDMI mara nyingi hupeleka sauti huko bila kuomba ruhusa, nawe unabaki unapandisha spika za mpakato ambazo zimeshapewa likizo.

Na shusha matarajio. Katika ile mistari 625 ya PAL, picha yenyewe ni 576. Tena TV ya kichogo hula kingo: saa ya pembeni na kitufe cha Anza vinaweza kujificha nyuma ya fremu, ukabaki unakitafuta kwa kipanya kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kusoma barua pepe kwenye TV ya kichogo ni toba. Kutazama mkanda wa VHS humo, hiyo ni haki yake.

1. Visanduku viwili kwa mstari

Mpakato wa mjomba ni wa siku hizi: HDMI moja, USB mbili, hauna duara, hauna bluu, hauna mwanga. Jibu lake ni hili.

Kwanza, kisanduku cha kuchomoa sauti. HDMI inaingia upande mmoja, inatoka upande wa pili, na pembeni pana tundu la mwanga. Sauti inachomolewa ikiwa bado dijitali na kwenda moja kwa moja kwenye amplifaya ya Muscat. Pili, HDMI inayotoka inaingia kwenye HDMI2AV, sahihi safari hii, nilikisoma mara tatu mbele ya muuzaji hadi akakereka. Kutoka hapo waya wa manjano peke yake unakwenda kwenye TV. Nyekundu na nyeupe zinaning'inia bila kazi, na hiyo ndiyo raha yenyewe: picha analojia, sauti dijitali, kila mmoja na njia yake. Visanduku vyote viwili hula umeme wa USB. Vipe chaja ya simu, usitegemee mpakato uwalishe wawili.

Kuna swichi mbili za kuangalia. HDMI2AV ina ya PAL na NTSC; sisi tunaweka PAL. Cha kuchomoa sauti mara nyingi kina chaguo tatu: kupitisha, njia mbili, na 5.1. Ukiacha kwenye kupitisha, mpakato utauliza kifaa cha mwisho kinaweza kupokea nini, na kifaa cha mwisho hapa ni kisanduku cha bei ya kuku. Harusi ya VHS haina zaidi ya njia mbili za sauti, hivyo tukaweka mbili. Binamu wa Muscat angependa 5.1, lakini binamu hakuwepo kwenye harusi.

Tukawasha. Picha ikaja, rangi ikaja. Sauti kimya.

Nilikagua Windows. Nikakagua swichi. Nikamlaumu mtengenezaji, nchi yake na bahari kati yetu. Nusu saa ikapita. Mkaza mjomba akaja na sinia la chai, akainama akatazama ncha ya waya wa mwanga niliyokuwa nimeiacha upande wa amplifaya ikiwa haijaingia vizuri. "Hicho kiplastiki hapo mbele mbona hujakitoa?"

Waya wa mwanga huja na kofia ndogo za plastiki kwenye ncha, za kuzuia vumbi. Nyingine ni angavu, huzioni. Nikaitoa, nikachomeka hadi ikalia klik, na ngoma za 1991 zikajaza ukumbi.

Ikabaki picha. Safari hii bibi harusi alikuwa amekonda. "Sasa watu watasema nilimnyima chakula," mjomba akanung'unika. Kioo cha mpakato ni kipana, harusi ilikaa katikati yake na mistari myeusi pembeni, kisha HDMI2AV ikaubana upana wote uingie kwenye TV ya nne kwa tatu, na bibi harusi akabanwa pamoja na mistari yake. Dawa yake ni kinyume cha akili: kwenye VLC bonyeza herufi A mpaka isome 16:9. Bibi harusi ananenepa kwenye mpakato, kisanduku kinamkondesha, anafika kwenye TV na umbo alilotoka nalo kwao.

Mjomba akakivuta kiti karibu. Mkaza mjomba akakaa naye, sinia bado liko mkononi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, soma maandishi ya kwenye kisanduku kabla ya kusoma bei. Na kama una flati, una deki ya zamani na unahitaji AV2HDMI, changu kipo ndani ya boksi lake, kimewashwa mara moja tu. Njoo na kuku.